Mwongozo Mkononi, Mwenzako Nyuma ya Darasa

Ramani ya elimu ya Kongo imeigawa Kivu ya Kaskazini mapande matatu, na pande la tatu, liitwalo Nord-Kivu 3, ndilo lililobeba wilaya za Masisi na Walikale. Masisi ni kilomita za mraba 4,734 za vilima vya malisho, mashamba ya maharagwe na machimbo ya koltani ya Rubaya. Walikale ni kubwa karibu mara tano, kilomita za mraba 23,475, na sehemu yake kubwa ni msitu. Katika shule za huko mwalimu mmoja husimama mbele ya darasa lililojaa hadi mlangoni. Ndani ya darasa hilo yumo mtoto asiyesikia vizuri, yumo mwingine anayeinamia daftari hadi pua iguse karatasi, na yumo wa tatu ambaye amerudia darasa la pili bila mtu kujua kwa nini herufi hazimkai kichwani. Mwalimu wao aghalabu hakusomea elimu maalumu. Afanye nini, na nani amwonyeshe?

Kuna jibu ambalo limefanyiwa utafiti kwa zaidi ya nusu karne, nalo lina sehemu mbili zisizotengana. Kwanza, mwalimu apewe somo lililokwisha kuandikwa hatua kwa hatua: aseme nini, aonyeshe nini, aulize nini, na mtoto akikosea arudi wapi. Pili, apewe mtu wa kukaa naye darasani, kumtazama akifundisha, kumwambia alichokiona, kisha kurudi tena. Sehemu ya kwanza huchapishwa na kusafirishwa kwa lori. Ya pili haisafirishwi, na hapo ndipo mipango mingi ya elimu mashariki mwa Kongo imekwama.

Sheria si tatizo kubwa. Kongo ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2015, na tarehe 3 Mei 2022 ikatunga sheria yake yenyewe, namba 22/003, ya kulinda na kuendeleza haki hizo. Katiba ya 2006 inasema shule ya msingi ni ya lazima na ni bure katika shule za serikali, na tangu Septemba 2019 serikali imejaribu kulitimiza neno hilo la bure. Watoto walimiminika shuleni. Lakini kuingia darasani na kujifunza ni mambo mawili: Benki ya Dunia inakadiria kwamba watoto 97 kati ya 100 wa Kongo hufika umri wa miaka 10 bila kuweza kusoma na kuelewa maandishi mepesi. Ikiwa ndivyo ilivyo kwa watoto wote, basi yule mwenye ulemavu amewekwa nyuma ya mstari ambao wenzake wenyewe hawajaufikia.

Mwaka 2021 UNICEF ilikadiria kwamba duniani kuna watoto karibu milioni 240 wenye ulemavu, yaani mtoto 1 kati ya 10. Kwa kipimo hicho darasa la watoto 60 lingekuwa na watoto 6. Mwalimu akiulizwa atataja mmoja, yule anayetembelea fimbo. Wengine ama wako nyumbani, ama wamekaa hapo hapo mbele yake na anawaita wavivu. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuwaona. Kundi la Washington, linalohusika na takwimu za ulemavu, pamoja na UNICEF, wametengeneza maswali mepesi ambayo hayamtaki mwalimu awe daktari. Hayaulizi mtoto ana ugonjwa gani, yanauliza anapata shida gani: je, anapata shida kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kueleweka anapozungumza? Mwalimu wa Nyabiondo au wa Pinga anaweza kuwauliza wazazi maswali hayo wiki ya kuandikisha watoto. Akishajua, atamkalisha mtoto benchi la mbele, upande wa dirisha, na hilo halina gharama yoyote.

Shule maalumu zipo, lakini ziko mbali. Goma kuna kituo cha Shirika la Umoja, Bukavu kuna Heri Kwetu, na huko Kinshasa kuna Village Bondeko kwa watoto wenye ulemavu wa akili. Kwa mzazi wa Masisi-Centre, Goma ni kama kilomita 80 za barabara mbovu ambayo kwa miaka kadhaa imepita kati ya majeshi. Kwa mzazi wa Walikale ni mbali mno. Kungoja kila mtoto apate nafasi katika vituo hivyo ni kuamua kwamba wengi hawatasoma. Mwalimu wa kawaida wa kijijini ndiye shule maalumu ya watoto hao, apende asipende, na hoja yote inaanzia hapo.

Ufundishaji wa hatua zilizoandikwa ulipata umbo lake Marekani katika miaka ya 1960. Siegfried Engelmann na Carl Bereiter, wakiwa Chuo Kikuu cha Illinois, walifundisha watoto wadogo wa familia maskini kwa masomo yaliyopangwa neno kwa neno. Mradi wa serikali ya huko ulioitwa Follow Through, ulioanza mwaka 1968 na tathmini yake kuu kutoka 1977, ukalinganisha mbinu nyingi za kufundisha watoto maskini. Mbinu ya Engelmann ilitoka juu katika kusoma, katika hesabu, na hata katika namna watoto walivyojiamini. Baadaye walimu wa elimu maalumu ndio walioikumbatia zaidi, maana mtoto mwenye ugumu wa kujifunza huumizwa kuliko wote na maelezo yanayorukaruka.

Somo la namna hii hudumu dakika chache na lina mwendo unaojulikana. Mwalimu huandika herufi m ubaoni. "Mimi kwanza," anasema, anaigusa herufi na kutamka sauti yake. "Sote pamoja," darasa linatamka naye kwa ishara ya mkono. "Ninyi peke yenu," anaigusa, ananyamaza, wanatamka. Halafu anamwita mmoja mmoja, akianza na wale ambao huwa wanajificha nyuma ya sauti za wenzao. Akikosea mtoto, mwalimu hasemi "hapana" na kupita kwa mwingine. Anarudi nyuma: anatamka yeye, wanatamka pamoja, mtoto anatamka peke yake, na baada ya dakika mbili mwalimu anamrudia tena kuhakikisha. Kesho somo linaanza na m ya jana kabla ya kuongeza a, na kesho kutwa watoto wanasoma "mama". Hakuna kinachoachwa kwa bahati. Mtoto anajua kitakachofuata, na mwalimu pia.

Kwa mtoto anayeelewa polepole, mwendo huu ni msaada mkubwa. Unampa nafasi nyingi za kujibu katika dakika chache, unamrudishia jambo lile lile kabla halijapotea, na unamkosoa bila kumwaibisha. Kwa mtoto aliyekimbia mapigano mara mbili au tatu, kujua kitakachofuata kuna thamani ya pekee.

Hata hivyo si kila mtoto hufikiwa na karatasi ile ile. Mtoto kiziwi hafaidiki na "sote pamoja" inayotamkwa kwa mdomo. Anahitaji lugha ya alama, na anahitaji mtu mzima anayeijua. Bara hili lina historia yake katika jambo hilo: Andrew Foster, Mmarekani mweusi kiziwi aliyehitimu chuo cha viziwi cha Gallaudet, Marekani, mwaka 1954, alianzisha shule yake ya kwanza ya viziwi Ghana mwaka 1957, kisha akaendelea kufungua shule nyingine katika nchi nyingi za Afrika, Kongo ikiwamo, hadi alipokufa katika ajali ya ndege nchini Rwanda Desemba 1987. Watu wazima viziwi waliosoma katika shule za mkondo huo wapo katika miji ya Kivu, na mpango wowote wa maana ungewalipa wafundishe walimu alama kabla ya kuchapa kitabu kingine. Mtoto asiyeona naye anahitaji braille. Mtoto anayetembea kwa shida huenda hahitaji somo tofauti hata kidogo. Anahitaji choo anachoweza kukiingia na darasa lisilo na ngazi. Mwongozo mzuri huyasema haya waziwazi: pembeni mwa hatua ya tatu unamwambia mwalimu afanye nini kwa yule asiyesikia, na ni wapi aigawe hatua moja kuwa mbili kwa yule anayechelewa.

Upinzani dhidi ya masomo yaliyoandikwa haukosi, na si wa kupuuzwa. Walimu wengi husema unamgeuza mwalimu kuwa kasuku. Kampuni ya Bridge International Academies, iliyoanza Kenya, iliwapa walimu wake kompyuta ndogo zenye somo la kusoma neno kwa neno, na ikapigwa vita na vyama vya walimu. Nchini Uganda, Mahakama Kuu iliamua dhidi yake Novemba 2016 na kuruhusu shule zake zifungwe kwa kutotimiza masharti. Tena watafiti wa shirika la RTI walipochunguza miradi 19 katika nchi 13 na kuchapisha matokeo yao mwaka 2018, waliona kwamba miongozo husaidia watoto kujifunza, lakini ile inayomfunga mwalimu kwa kila neno haikufanya vizuri kama ile inayompa mwendo na kumwachia maneno yake. Walimu wenyewe walikuwa wakibadilisha. Mwalimu akibadilisha kwa kujua, hilo ni jambo jema.

Ila hoja ya kasuku huwa inamfikiria mwalimu mwenye vitabu, mshahara na miaka mitatu ya chuo. Mwalimu wa Ntoto au Kibua yuko mahali pengine. Huenda ana diploma ya sekondari, D6, ya ualimu, huenda ana D6 ya fani nyingine kabisa, huenda hana. Huenda ni yule anayeitwa NU, anayefundisha bila kuingizwa kwenye orodha ya mishahara ya serikali na kuishi kwa kile ambacho wazazi wanaweza kuchanga. Asubuhi analima, saa za shule anafundisha, jioni anatakiwa aandike maandalio ya masomo sita ambayo inspekta akija atayasaini. Kumpa mwalimu huyo somo lililokwisha kuandaliwa kunampa saa zake, na saa hizo anaweza kuzitumia kumtazama mtoto aliyekosea. Heshima ya mwalimu haipungui.

Sasa sehemu ya pili. Afrika Kusini ilifanya jaribio linaloweza kumnufaisha yeyote anayepanga elimu Nord-Kivu. Katika jimbo la North West, kuanzia 2015, walimu wa Kisetswana wa madarasa ya mwanzo walipewa miongozo ile ile ya masomo na vitabu vile vile. Kundi moja likaitwa kwenye semina. Kundi la pili likatembelewa darasani na washauri. Baada ya miaka miwili, watoto wa kundi lililotembelewa walikuwa wamepiga hatua takribani mara mbili ya wale wa semina. Karatasi ilikuwa moja, na tofauti aliileta mtu aliyekaa nyuma ya darasa. Huko Marekani, Matthew Kraft na wenzake walikusanya tafiti 60 kuhusu kuwasindikiza walimu darasani, na mwaka 2018 wakaonyesha kwamba ufundishaji hubadilika sana na matokeo ya watoto hupanda pia, ingawa mpango ukipanuliwa kwa walimu wengi nguvu yake hupungua.

Kenya iliijua siri hiyo ilipoanzisha mpango wa kusoma uitwao Tusome mwaka 2015 kwa nchi nzima. Ilikuwa imetanguliwa na majaribio ya PRIMR, ambayo yalionyesha kwamba mafunzo na ushauri vikiongezewa vitabu na miongozo iliyopangwa ndipo watoto wanaposonga mbele zaidi, tena kwa gharama ndogo kwa kila mtoto. Tusome ikawapa maofisa wa mitaala wa wilayani kompyuta ndogo zinazorekodi mahali walipo, na nauli yao ikalipwa kulingana na madarasa waliyoyatembelea kweli. Matoleo ya braille na ya watoto viziwi yalitengenezwa pia. Kinachostahili kuigwa zaidi ya vyote ni hiyo nauli. Ofisa anayejua kwamba mafuta ya pikipiki yake yatalipwa akifika, hufika.

Kongo yenyewe haijakaa mikono mitupu. Kati ya mwaka 2010 na 2014 hivi, shirika la IRC liliendesha mpango ulioitwa OPEQ kusini-mashariki na mashariki mwa nchi, na watafiti wa Chuo Kikuu cha New York wakaupima kwa uangalifu katika shule 63. Walimu walipewa masomo ya kusoma na ya hesabu yaliyopangwa, kisha wakakutana katika vikundi vya shuleni kuzungumzia walichofanya na kilichowashinda. Baada ya mwaka mmoja, kusoma kulipanda kidogo, jiometri ikapanda kidogo, hesabu za kawaida hazikusogea. Watoto waliwaona walimu wao kuwa wanawajali zaidi. Lakini walisema pia kwamba shule imekuwa haitabiriki kama zamani. Jambo hilo linafaa kutafakariwa: mbinu mpya, hata iliyokusudiwa kuleta utulivu, hutibua mazoea inapoingia, na anayetibuliwa kwanza ni mtoto aliyekuwa amezoea. Kwa mtoto mwenye ulemavu wa akili au usonji mtibuko huo ni mkubwa zaidi. Kwa hiyo mabadiliko yaingie moja moja, si kwa semina ya siku tano inayobadilisha kila kitu Jumatatu inayofuata.

Utafiti huo huo ulitazama pia walimu. Wale wenye uzoefu mdogo walipata ari zaidi, ilhali walimu wa kike walizidi kutoridhika na kazi. Mwalimu mwanamke anayeongezewa mkutano wa jioni bila kupunguziwa chochote nyumbani wala kuongezewa franga mfukoni, ana haki ya kulalamika. Waliofuata na miradi yao walipaswa kuanzia hapo.

Kisha ukaja ACCELERE!, mradi wa Marekani na Uingereza ulioanza mwaka 2015, ukafika Kivu ya Kaskazini, na kuleta miongozo ya kusoma kwa lugha za taifa, Kiswahili kikiwa mojawapo. Hilo lilikuwa jambo kubwa. Mtoto wa Masisi anaongea Kihunde au Kinyarwanda nyumbani, wa Walikale Kinyanga, Kikumu au Kirega, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha sokoni na kanisani. Kumfundisha kusoma kwa Kifaransa tangu siku ya kwanza kulikuwa kumwongezea mzigo mtoto ambaye tayari ana mzigo. Mwongozo wa elimu maalumu utakaoandikwa kwa Kifaransa peke yake utarudisha kosa hilo.

Nani basi akae nyuma ya darasa?

Jibu la ofisini ni inspekta. Nao wapo, wanaijua kazi, na barua zao zinaheshimiwa. Lakini inspekta ndiye anayempa mwalimu alama, na alama hiyo huingia kwenye faili lake. Mwalimu anayetazamwa na mtu wa namna hiyo huonyesha somo alilolizoea, huwaita watoto wanaojua, na huwaacha wenye shida wanyamaze. Hakuna mtu anayejifunza akiwa katika hofu hiyo. Anayesindikiza na anayetoa alama wasiwe mtu mmoja, na ikiwa wafanyakazi hawatoshi kuwatenganisha, basi angalau ziara zenyewe zitenganishwe: ziara ya kusaidia isijazwe fomu ya alama. Shule za makanisa, ambazo tangu makubaliano ya 1977 zinasimamiwa kwa pamoja na serikali, zina waratibu na washauri wao, na sehemu kubwa ya shule za Masisi na Walikale ni za Wakatoliki na za jumuiya za Kiprotestanti kama CBCA na CEPAC. Washauri hao ni mlango mzuri zaidi kuliko fomu ya inspekta.

Lakini hata mshauri hafiki kila wiki, na wiki nyingine hafiki kabisa. Januari 2023 waasi wa M23 waliingia Kitchanga. Mwisho wa Aprili 2024 walichukua Rubaya. Januari 2025 ilikuwa zamu ya Masisi-Centre, Sake na Goma, na tarehe 19 Machi 2025 wakafika Walikale-Centre, wakaondoka mapema Aprili. Kufikia Februari mwaka huo UNICEF ilihesabu zaidi ya shule na vituo vya kujifunzia 2,500 vilivyofungwa katika Kivu zote mbili, na watoto 795,000 nje ya shule, kutoka 465,000 Desemba iliyotangulia. Benki za Goma zilifungwa, na walimu waliozoea kuchukua mshahara huko wakawa wanatafuta njia za mzunguko. Mpango unaotegemea gari jeupe kutoka Goma haustahimili historia hii.

Wengine watasema simu. Afrika Kusini imeshajaribu. Katika jimbo la Mpumalanga walimu wa Kiingereza walisindikizwa kwa njia mbili, wengine na mshauri wa ana kwa ana, wengine na mshauri wa mbali kupitia kompyuta ndogo. Baada ya miaka mitatu, ushauri wa ana kwa ana ulikuwa umeinua kusikiliza, kuzungumza na kusoma. Ule wa mbali uliinua kidogo kuzungumza, haukugusa kusoma, na ulidhuru kidogo kusoma katika lugha ya nyumbani. Hayo ni katika nchi yenye umeme na mtandao. Redio hufika mbali zaidi: mwaka 2020, korona ilipofunga shule, Radio Okapi ilianzisha Okapi École, na sauti ya redio inaweza kubeba somo lililopangwa kama karatasi inavyobeba. Lakini redio haimwoni mtoto anayekosea. Simu na redio ni vya kuongezea.

Kinachobaki ni mwalimu wa darasa la jirani. Shule za Kongo tayari zina desturi ya walimu kukutana, mmoja akatoa somo la mfano na wenzake wakalijadili. Huu ndio mfumo uliopo Masisi na Walikale hata pale ambapo hakuna mradi, hakuna mtandao na hakuna barabara. Udhaifu wake ni kwamba mara nyingi somo la mfano huwa onyesho: mwalimu hodari, watoto waliochaguliwa, maoni ya adabu. Kuugeuza kuwa usindikizaji hakuhitaji ruhusa ya Kinshasa. Kunahitaji mambo machache yafanywe kwa ukaidi.

Mwalimu mwenzake anakaa nyuma kwa dakika 20 na karatasi yenye maswali yasiyozidi matano. Je, alionyesha kabla ya kuuliza? Watoto walijibu mara ngapi? Waliokosea walirudishwa kwenye hatua ya nyuma au waliachwa? Yule mtoto mmoja aliyetajwa kwa jina kabla ya somo, mwenye shida ya kusikia au ya kukumbuka, alijibu peke yake walau mara moja? Swali hili la mwisho ndilo linaloifanya ziara yote kuwa ya elimu maalumu; likiondolewa, inarudi kuwa ziara ya kawaida. Baada ya somo wanazungumza dakika 10. Anayesindikiza anataja jambo moja lililokwenda vizuri na jambo moja la kubadilisha, basi, na wanalijaribu hapo hapo, mmoja akiigiza mtoto. Wiki ijayo anarudi kutazama jambo lile lile. Wiki inayofuata wanabadilishana viti. Direkta wa shule kazi yake ni kuhakikisha madarasa mawili hayabaki bila mtu wakati huo, kwa kuyaunganisha au kwa kuingia mwenyewe.

Hilo lina kasoro zake, na zapaswa kusemwa. Walimu wawili wasiojua braille hawatafundishana braille. Makosa yanaweza kuigwa kama mema yanavyoigwa. Ndiyo maana mshauri kutoka nje bado anahitajika, hata akifika mara moja kwa muhula, na ndiyo maana mwongozo wenyewe lazima uwe mzuri kiasi cha kumkumbusha mwalimu pale ambapo hakuna wa kumkumbusha. Uwe mwembamba, wa Kiswahili, wa karatasi ngumu, unaoingia kwenye mfuko wa mtu anayekimbia na watoto wake. Mwalimu aliyehama Masisi na kufundisha chini ya turubai kambini aendelee na ukurasa ule ule, na mtoto aliyehama naye aukute mwendo ule ule wa "mimi kwanza, sote pamoja, wewe peke yako".

Kuhusu fedha, hali ni ngumu kuliko ilivyokuwa. USAID, shirika la misaada la Marekani lililolipia sehemu kubwa ya miongozo ya kusoma nchini, lilifungwa rasmi Julai 2025. Wafadhili waliobaki watapenda kununua vitu vinavyopigika picha. Lakini orodha ya mahitaji ni nyepesi na haipendezi machoni: uchapishaji, mafuta ya pikipiki ya washauri wa makanisa, malipo kidogo kwa walimu viziwi wa kufundisha alama, vibao na kalamu za braille kwa shule zenye mtoto asiyeona, na posho ya saa za jioni, walimu wa kike na NU wakitangulizwa kwa sababu ndio wanaofanya kazi bila malipo tayari. Hakuna kompyuta katika orodha hiyo.

Na kwa viongozi wa Nord-Kivu 3, wa upande wowote wa mstari wa mapigano watakaokuwa wamekaa mwaka ujao wa masomo, ombi ni dogo na linatekelezeka bila franga moja. Fomu ya kuandikisha watoto iongezwe maswali ya kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka na kuzungumza. Kila direkta atume kwa Sous-Division, ofisi ya elimu ya eneo lake, idadi ya watoto waliojibiwa "ndiyo, anapata shida", kwa darasa na kwa umri. Na kila shule itenge saa moja kwa wiki ambapo mwalimu mmoja atakaa nyuma ya darasa la mwenzake, akiwa na jina la mtoto mmoja kwenye karatasi yake.